Malalamiko Kuhusu Kupona kwa Nyonga Yangu ya Kulia

Protase Kahigi,
Bwana Shamba Mstaafu,
Kata ya Ihembe, Karagwe.

Kwa Daktari Bingwa wa Mifupa,
Wodi ya Upasuaji, Wanaume.

Ndugu Daktari,

YAH: KUPONA KULIKOPITILIZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye yule mzee wa kitanda cha dirishani uliyempasua mwezi wa tatu ukamwekea chuma mahali pa mfupa wa nyonga uliovunjika. Barua hii naiandika nikiwa nimesimama, kwa sababu naweza, na hilo ndilo shauri lenyewe.

Ili uielewe hasara yangu, sina budi kukueleza nilivyovunjika. Pale mapokezi nilisema niliteleza nikikagua kahawa. Ulikuwa uongo. Jumapili ile nilimwambia mke wangu, Adelgunda, kwamba tumbo linanisokota, aende Misani peke yake. Kijiji kilipotulia nilichukua jembe nikaenda mpakani, kati ya kibanja changu na cha jirani yangu Deodatus. Nikang'oa omuramura, ule mmea tunaoupanda kuonyesha mpaka, nikausogeza kwake hatua moja. Ilikuwa hatua ya nne katika miaka thelathini, na ya kwanza niliipiga nikiwa bado nalipwa na serikali kuwafundisha wananchi kilimo bora. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikarudi nyuma kidogo niisifu kazi yangu, mguu ukaingia katika shimo nililolichimba mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hiyo methali nimewaambia watu wengi sana.

Aliyesikia kilio changu ni huyohuyo Deodatus, aliyekuwa amerudi kuchukua miwani yake. Hakuuliza jembe linafanya nini pale. Alivua koti lake la Misa akanitandikia, akaita watu, wakaja na machela ya kijiji, naye akashika upande wa kichwa changu hadi barabarani kwenye gari. Njia nzima nilikuwa nakitazama kidevu chake.

Sasa malalamiko.

1. Sikuonywa ipasavyo kwamba naweza kupona. Kwetu mzee akivunjika nyonga, watu huanza kukagua mikungu ya ndizi itakayotosha msiba. Wewe uliniambia kwamba wengi wa umri wangu husimama tena wakipasuliwa mapema, lakini ulisema kwa upole mno, nikadhani ndiyo lugha mnayotumia kwa wanaokufa. Kwa hiyo kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji niliita mashahidi kama desturi inavyotaka: mke wangu, katekista na Deodatus. Nikatoa wosia. Baiskeli nikampa katekista. Redio nikampa Adelgunda, ambaye ndiye aliyeinunua. Kisha, kwa kuwa nilikuwa naelekea kwa Mungu mwenye kamba yake ya kupimia, nikaungama hatua zote nne mbele ya mwenye ardhi, moja moja, na mwaka wa kila hatua. Nililia vizuri sana. Yale yalikuwa maneno ya kufia, Daktari. Hayakuwa ya kuishi nayo.

2. Kesho yake, hata sijamaliza kujihurumia, mtaalamu wenu wa mazoezi, binti aitwaye Vero, akaja kunisimamisha. Nikamweleza kwamba mimi ni mgonjwa. Akanipa shikamoo, kisha akanivuta. Mimi nilikuwa nimepanga kulala miezi mitatu mfululizo nikipokea wageni, tena nilikuwa nimeshachagua blanketi. Shemeji zangu walitoka Kimuli kule Kyerwa, na jogoo mkubwa wa kumtazama mgonjwa, wakanikuta nazunguka uani na magongo. Wakanywa chai. Wakatafuna kahawa yetu, ile kavu ya kukaribishia wageni. Wakarudi Kimuli na jogoo wao.

3. Mguu wenyewe. Haujapinda, haujafupika, wala hauchechemei. Nimeupima na wa kushoto kwa kamba na inalingana. Ningechechemea hata kidogo, watu wangesema maskini Kahigi, Mungu ameshamwadhibu, tumwache. Sasa Mungu ameniacha kwa majirani. Nilipomfuata katekista anirudishie baiskeli, alinitazama kuanzia kiatu hadi kiuno, akasema mtu mwenye mguu kama huo baiskeli ya nini. Adelgunda naye ananituma kisimani.

4. Deodatus. Hapa ndipo panaponiuma, na dawa zenu hazifiki. Niliporudi nyumbani nilitegemea anishitaki katika baraza la kata. Nilikuwa tayari, hata utetezi nilishauandika, kurasa sita. Hakwenda. Nikamngoja aje na panga aung'oe mmea. Hakuja na panga. Nilipomuuliza, alinijibu neno moja tu, "Pona kwanza, Kahigi. Mpaka utatungoja." Mpaka ule, Daktari, haujazoea kungoja.

Halafu Vero aliagiza nitembee hatua mia mbili kila siku mahali tambarare. Ihembe yote ni miinuko, na kwetu sehemu tambarare ni moja tu, kandokando ya omuramura. Basi kila asubuhi Deodatus anakuja, ananishika mkono, tunatembea pale, naye anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Akifika nne namwona kama anavuta pumzi. Adelgunda anasema anayevuta pumzi ni mimi. Wala hajawahi kunitupia hata fumbo. Waitu, ndugu yangu, naona aibu. Nasema wazi, naona aibu, na hakuna chuma cha kuishikiza.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Cheti chenye muhuri kwamba niliyoyasema siku ile yalitokana na sindano ya usingizi. Najua sindano nilichomwa baadaye. Naomba cheti kisitaje saa.

(b) Unipatie kuchechemea kidogo, hata kama ni kwa Jumapili tu.

(c) Mlangoni pa wodi pabandikwe tangazo kwa herufi kubwa: WAZEE, MSIUNGAME, MNAWEZA KUPONA.

Nisipojibiwa katika siku kumi na nne nitakuja mwenyewe, kwa miguu, na hapo utaona nilivyoumizwa.

Nisalimie Vero, ingawa sijamsamehe. Nisalimie mama wa jikoni aliyekuwa ananiongezea mchuzi, na yule mzee wa Igurwa wa kitanda cha pili, kama naye mmemponya. Adelgunda anawasalimu, anasema mmefanya kazi nzuri na nyongeza haihitajiki.

Wako niliyepona bila kushauriwa,
Protase Kahigi

Nyongeza: Daktari, yaliyo juu yafute. Leo asubuhi Deodatus hakuja kunitembeza. Nikamfuata, nikamkuta mpakani amelala chini, mguu umegeuka nje kama wangu ulivyogeuka, jembe pembeni, na omuramura umeng'olewa. Sikumuuliza alikuwa anausogeza upande gani. Nilivua koti langu nikamtandikia, nikaita watu.

Kubeba wamenikataza, basi nimetangulia mbele ya machela nikisafisha njia, mpaka barabarani, bila gongo. Barua ilikuwa mfukoni tangu jana, ndiyo unaipata pamoja naye. Mpasueni leo leo, msingoje kesho, na chuma kiwe kilekile. Nikirudi nyumbani naupanda mmea pale ulipokuwa kabla ya hatua zangu zote nne. Mguu ninao, kisingizio sina.

Jambo la mwisho. Kwenye gari amenishika mkono akaanza kuita mashahidi, anataka kutoa wosia, na kuna jambo anasema lazima aliseme kabla hajafa. Nikamwambia, "Nyamaza, Deo. Utapona, halafu utajuta."

Msinifanye mwongo.