Kona Yangu ya Alhamisi

Jumatatu, 4 Novemba
Bi Nyunt Yi anatafuta mwalimu wa Kiburma kwa wageni wanaojua maneno machache tu. Nafasi moja, watu wawili: mimi na Ma Pwint Phyu. Mnajimu wa Bi kamwambia mwaka huu aajiri mtu aliyezaliwa Alhamisi. Pwint Phyu ni wa Alhamisi. Mimi ni Tin Maung Aye, Jumamosi mtupu, na jina linanichongea, maana kwetu herufi ya kwanza hufuata siku ya kuzaliwa. Nimekata shauri. Wazazi walikosea. Kuanzia leo naitwa Myo Thant, jina la Alhamisi.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemweleza Bi Nyunt Yi kwamba uchungu ulimchanganya mama hata akakosea siku. Akauliza kama mama yupo, amuulize. Nikasema hayupo. Nilimaanisha hayupo pale ofisini. Bi akanipa pole, akaniletea sahani ya majani ya chai yaliyochachushwa, na karanga juu. Nimekula yote. Nimeona haya kidogo, hasa nilipoongezewa.

Ijumaa, 8 Novemba
Leo Pwint Phyu amefanya jaribio lake darasani. Anafundisha: kikombe kiko mezani, kitabu kiko kabatini. Nilichungulia dirishani: wageni wanapiga miayo. Kesho mimi nawapeleka pagoda, hekalu letu. Kila siku ya juma ina kona yake na sanamu ya mnyama wake, na mtu humwaga maji kwa kikombe kwenye kona ya siku aliyozaliwa, akiomba. Watazunguka, pagoda ikiwa kulia, wakitumia vijineno vyetu vitatu vya kubandika nyuma ya mahali: hma ukiwa pale, ko ukielekea, ka ukitoka. Akili kama hii inapotea bure mjini hapa.

Jumamosi, 9 Novemba
Aibu. Sitaki kuandika. Naandika.

Tulianza vizuri, miguu mitupu. Haruka, msichana wa Kijapani, alisema mwenyewe kwamba yuko mashariki, anaelekea kusini. Bi Nyunt Yi, aliyekuja kukagua, akatabasamu. Kona ya Jumamosi, kusini-magharibi, niliwapitisha mbiombio. Magharibi, kwa panya wa Alhamisi, nikamwaga maji kwa unyenyekevu mkubwa. Kisha nikawaambia wamuulize mtu yeyote anatoka wapi na anakwenda wapi.

Haruka akarudi kona tuliyoipita. Pale kwenye joka la Jumamosi alikuwa amefika mama mmoja na kikombe chake. Mama yangu. Kila Jumamosi huja kuniombea, nami nilisahau kabisa.

Alimjibu polepole, kama anayemfundisha mtoto. Anatoka nyumbani. Yuko kwenye kona ya mwanawe. Akitoka hapa anakwenda sokoni kumnunulia tambi za mchuzi wa samaki. Haruka akauliza mwana yupi. Mama akanyoosha kidole. “Si yule pale, Tin Maung Aye wangu. Anahangaikia kazi, maskini, hata kula hali.”

Bi Nyunt Yi akaniuliza, “Wewe, huyu mama ni nani?”

Nikasema ni jirani. Nikaongeza kwamba uzee umemchanganya.

Mama alisikia. Akatazama kikombe chake, kisha akamwambia Bi, “Ndiyo, mwanangu. Mimi jirani tu.”

Haruka akasema, kwa Kiburma safi, kwamba jirani ana pua ya mwalimu. Hata viatu hatujavaa, kazi imekwenda kwa Pwint Phyu. Nilitamani sakafu ile inimeze.

Jumapili, 10 Novemba
Mama hakuniamsha. Nimezikuta tambi mezani, zimefunikwa. Nimekula huku nalia, mchuzi ukazidi chumvi. Kisha nikapiga magoti mbele yake, paji la uso sakafuni, mara tatu, kuomba radhi. Akasema niinuke, magoti yangu mabovu tangu utotoni. Nimeapa sitaikana tena siku yangu wala mama yangu. Najisikia mtu mpya.

Jumatatu, 11 Novemba
Kuna shule ng'ambo ya mto inataka mwalimu! Mwenye shule, nasikia, hupatana tu na waliozaliwa Jumatano jioni, ambayo kwetu ina kona yake. Ye Lwin ni jina zuri, na linanikaa. Nimemweleza mama kwamba safari hii hafi wala hawi jirani. Atakuwa shangazi, ambayo ni damu moja kabisa. Akachukua kikombe chake, akavaa ndala, akauliza basi Jumamosi hii aende kona ipi kuniombea.

Nimemwelekeza: kaskazini-magharibi, kwa tembo asiye na pembe. Na aende Jumatano.