Kaakaa Jeusi

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Mvua. Goti la kushoto linauma. Hata hivyo, siku kubwa. Nimeanza shajara hii ili siku watu watakapouliza Cuthbert Tweddle alifanyaje, jibu liwepo kwa maandishi.

Hali ni hii. Tangu Duchess wangu afe mwezi wa Januari, sina mbwa. Asiye na mbwa hawindi sungura, na asiyewinda sungura hana ruhusa ya kukanyaga mashamba ya mzee Raistrick, ambayo mimi nimeyakanyaga tangu nilipokuwa na nywele. Raistrick amesema wazi kwamba sungura wanammalizia shayiri yake na hawezi kukaa akinisubiri niomboleze mpaka Krismasi. Jumamosi atakuwepo kwa Bi Lowther watoto wa mbwa wakichaguliwa. Atakayeondoka na mbwa bora ndiye atakayepewa ruhusa. Mtu mmoja tu. Hataki msongamano shambani kwake.

Tunaochagua ni wawili. Mimi na Wilf Garbutt.

Garbutt! Mtu anayevaa tai kwenda kulisha kuku. Mtu aliyenishinda kwenye maonyesho ya mboga kwa kitunguu ambacho mpaka leo naamini kilipuliziwa kitu.

Dume aliyezalisha ni wake, mbwa wa mbio, mwembamba kama mwiko. Jike ni wa Bi Lowther, mbwa wa kuchunga kondoo, ana akili kuliko diwani wetu. Kwa hiyo watoto ni chotara wa kazi hasa: miguu ya baba, kichwa cha mama. Lakini desturi ya huku inajulikana. Mwenye dume halipwi chochote. Anachagua wa kwanza. Garbutt kwanza, mimi baadaye. Dhuluma tupu.

Leo nimekwenda kuwaona. Wako wanne. Wawili wa kahawia miguu imekaa vibaya, hao basi. Wa tatu ni mweusi, amelala. Alilala bakuli likiwa chini ya kidevu chake, nikamwinua akaendelea kulala. Wa nne ni jike wa kijivu, manyoya ya kukwaruza, kifua kipana. Niliangusha glavu. Aliiokota akaniletea mkononi, taratibu, bila kuing'ata. Duchess alikuwa akifanya hivyohivyo. Ilibidi nigeuke nitazame ukuta.

Yule wa kijivu ni wangu. Kilichobaki ni Garbutt kutomchukua.

Mke wangu Glenys anauliza kwa nini nisimwendee tu Garbutt nikamwambia namtaka wa kijivu. Glenys ni mtu mwema, lakini siasa hajui.

Jumanne, tarehe 8

Baa, saa za mchana. Garbutt alikuwa kaunta akisimulia habari za marehemu baba yake. Eti mzee yule hakuchukua mtoto wa mbwa hata mmoja bila kumfungua kinywa. Kaakaa likiwa jeusi, mbwa ana moyo. Likiwa la pinki, mwachie mtu mwingine. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia. Hata baba yangu alikuwa akisema hayo, huku hakuna asiyeyaamini.

Nikaacha bia nusu na kwenda nyumbani. Sijawahi kuacha bia nusu.

Nimekwishaviona vinywa vya wale watoto. Pinki, wote wanne. Lakini Glenys ana kopo la pipi za susi, zile nyeusi, ukila moja ulimi unakuwa kama umelamba sufuria.

Mpango umekamilika. Mweusi atapata kaakaa jeusi. Garbutt atafungua kinywa, atakumbuka marehemu baba, atamchukua yule mvivu kwa machozi. Mimi nitapiga moyo konde na kukubali "mabaki". Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Glenys akauliza kama nimepaliwa.

Jumatano, tarehe 9

Nilihitaji sababu ya kwenda kwa Bi Lowther. Nikachukua blanketi la Duchess na kumwambia nimewaletea watoto, wasipate baridi. Bi Lowther aliguswa. Alinishika mkono, akasema Duchess alikuwa mbwa wa maana, akaingia ndani kuchemsha chai. Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikaanza kazi.

Mweusi alifumbua macho kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alikula pipi moja, akataka nyingine. Nikampaka na iliyobaki kwa kidole, juu, nyuma ya meno. Kaakaa jeusi ti! Hata kiatu cha askari hakifikii.

Chai ilipokuja niliongeza fitina kidogo. Nikamwambia Bi Lowther kwamba yule wa kijivu simwamini, anatembea kama ana kokoto mguuni. Nilitegemea maneno yamfikie Garbutt. Bi Lowther alimtazama wa kijivu akikimbia uani, akanitazama mimi, akaniuliza kama nalala vizuri siku hizi.

Alhamisi, tarehe 10

Bi Lowther amepiga simu. Mweusi anaharisha. Hajui amekula nini. Nikamwambia ni meno, watoto wote wakiota meno huharisha, mwache tu.

Glenys alikuwa akisikiliza. Akasema pipi za susi ndizo mama yake alizokuwa akiwapa walipofunga choo. Nikamwuliza amejuaje kwamba habari hii ina pipi. Akasema kopo limekuwa jepesi na vidole vyangu ni vyeusi.

Nimekwenda hata hivyo, maana rangi inafifia na lazima itiwe upya. Safari hii nilibeba mifupa ya supu. Mweusi alinisikia kwenye lango akaja mbio, akajikwaa, akaangukia pua. Nilipoondoka alilia. Inachosha kupendwa na mbwa usiyemtaka.

Ijumaa, tarehe 11

Nimekutana na Garbutt mbele ya posta. Tai ya bluu. Akaniuliza naendeleaje bila Duchess. Nikasema vizuri sana. Akauliza ni yupi kati ya watoto ninayempenda. Mtego! Nikacheka kama mtu asiyejali, nikasema labda yule mweusi.

Akasema, "Aah."

Basi. "Aah", akaenda zake kununua stempu. Nimeitafakari "aah" hiyo mpaka viazi vikapoa sahanini. Mtu hasemi "aah" bure.

Jumamosi, tarehe 12

Naandika polepole.

Asubuhi nilipita mapema nikamtia mweusi rangi ya mwisho. Saa nne wote tulikuwa uani: Bi Lowther na aproni yake, Garbutt na tai, Raistrick na kiko kisichowashwa. Watoto waliachiwa. Mweusi alikuja moja kwa moja akakaa juu ya buti langu. Nikamsogeza kwa ncha ya mguu kuelekea kwa Garbutt. Akarudi. Nikawaambia watu nimebeba nyama mfukoni, ndiyo maana, si kwamba tumezoeana.

Bi Lowther akamwambia Garbutt achague, desturi ni desturi. Garbutt akavua kofia.

"Chagua wewe kwanza, Cuthbert," akasema. "Nilimwambia Winnie Lowther tangu wiki iliyopita. Mimi bado ninaye mbwa nyumbani. Wewe kikapu chako kitupu tangu Januari, na hilo si jambo dogo, bwana."

Mtu wa kawaida angesema asante. Lakini mimi si mtu wa kawaida. Nilisimama pale kichwa kikifanya kazi. Hakuna binadamu anayetoa zamu yake ya kwanza bure. Jana nilimwambia nampenda mweusi. Akasema "aah", maana yake alijua nadanganya. Kama alijua nadanganya, alijua namtaka wa kijivu. Kama alijua namtaka wa kijivu na bado ananiachia, basi wa kijivu ana kasoro. Moyo? Mapafu? Na alipokuwa akisema alimtupia wa kijivu jicho. Nililiona!

Wakati huohuo Raistrick alikuwa amemwinua mweusi na kumfungua kinywa. Akasema hajaona kaakaa kama lile tangu jike wa babu yake, na yule alikuwa akikamata sungura hata kwenye theluji. Wote tukainama kutazama. Mimi pia nikainama. Jeusi lote, mpaka nyuma kabisa. Mwili ulinisisimka. Kaakaa la namna ile linaonekana mara moja katika maisha ya mtu!

Kwa nukta moja nilisahau nani aliyelitia weusi. Labda haikuwa nukta moja.

"Namchukua huyu," nikasema.

Bi Lowther akaniuliza kama nina hakika. Garbutt akaniuliza pia, akasema yeye alidhani ningemchukua wa kijivu, maana Winnie alimweleza jinsi alivyoniletea glavu. Hapo nikathibitisha kila kitu. Ananisukumia! Nikarudia kwa sauti, mbele ya mashahidi, kwamba ni mweusi na si mwingine. Garbutt akainua mabega, akamchukua wa kijivu.

Raistrick akafunga ngozi ya sungura kwenye kamba, akaiburuta uani katikati ya kuku. Wa kijivu alipita kati ya kuku kama hawapo. Aliidaka ngozi, akageuka, akaipeleka mpaka mkononi mwa Garbutt na kusubiri. Kuku hata mmoja hakupiga kelele. Raistrick akatoa kiko mdomoni.

Wangu aliitazama ngozi. Kisha akautazama mfuko wangu. Kisha akakaa juu ya buti langu na kupiga miayo.

Nikasema bado ni mdogo, kaakaa ndilo la kuangaliwa. Raistrick akamwinua tena ili aliangalie. Matatizo ya Alhamisi yakarudi, yote, kwenye mkono wa koti lake. Raistrick hakushtuka. Ni mfugaji, amezoea. Alichokitazama kwa muda mrefu ni kidole gumba, kile alichokuwa amekiingiza kinywani mwa mbwa. Kilikuwa cheusi. Akakinusa. Akakilamba!

"Tweddle," akasema, "mbwa wako anachujuka."

Bi Lowther ndiye aliyeanza kucheka, akafunika uso kwa aproni. Garbutt hakucheka, na hilo sitamsamehe. Raistrick akajifuta, akamshika Garbutt mkono. Huku kwetu kushikana mkono ndio mkataba, hakuna karatasi. Mashamba yamekwenda. Ule ukingo wa shayiri ambako Duchess alikamata sungura wake wa kwanza, kijito, mlima wa nyuma wenye mashimo ninayoyajua moja moja kama meno yangu. Nimeumia. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilimwambia Glenys ni upepo.

Jumapili, tarehe 13

Mbwa amelala juu ya blanketi la Duchess. Bi Lowther alilifua na kulirudisha pamoja naye. Glenys amempa jina: Susi. Nimepinga. Anaitikia tayari.

Baada ya kanisa Garbutt akabisha hodi, amemshika wa kijivu kwa kamba. Akakataa kukaa. Akasema amezungumza na Raistrick, naye amekubali. Ruhusa ni yake, sawa, lakini mashimo ya ule mlima hayajui, mimi nayajua. Kwa hiyo tuende wote kila Alhamisi, sungura nusu kwa nusu. Susi ajifunze kwa dada yake. Kuhusu ile rangi, akasema, hata baba yake alikuwa na vituko vyake, na kwake yeye yamekwisha.

Glenys alitoa skonzi na siagi, machozi yakimlengalenga. Wa kijivu aliokota glavu yangu chini ya kiti akaniletea mkononi.

Nikatafakari. Wazo likaja, na hili halina kasoro.

Raistrick haamini tena mbwa anayechujuka. Siku akitia kidole kinywani mwa mbwa wa Garbutt na kikatoka cheusi, atajua mdanganyifu alikuwa nani tangu mwanzo. Wa kijivu alipiga miayo karibu na mguu wangu, nikaona vizuri. Kaakaa la pinki. Safi kama ukurasa usioandikwa.

Nikainuka. Nikamshika Garbutt mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwita ndugu yangu, nikasema Alhamisi bila kukosa. Aliguswa mpaka akalegeza tai. Glenys alinibusu shavuni, jambo lisilotokea mara kwa mara.

Walipoondoka nikaenda jikoni kuchukua kopo. Lilikuwa chini ya meza, tupu, kifuniko kimetafunwa. Susi alikuwa pembeni, ulimi mweusi, ananitazama kwa upendo. Tumbo lake linanguruma. Nimemtandikia magazeti.

Kesho dukani. Makopo mawili.