Mvua Imeahirishwa Hadi Jumatatu

Kwa mamlaka aliyopewa, pamoja na mengine aliyojiongezea mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa aliwatangazia wananchi wote kwamba mvua ya Jumamosi imeahirishwa hadi Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Wote watakaosumbuliwa na mabadiliko hayo, yakiwemo mawingu, waliombwa radhi.

Tangazo lilibandikwa ukutani Ijumaa. Mtabiri, msichana aliyeanza kazi juzijuzi tu, alilisoma mara tatu huku feni ikimpulizia joto usoni. Chini kabisa paliandikwa: "Limeandaliwa na," halafu jina lake. Jamani! Yeye alikuwa ameandika kitu kingine kabisa: Jumamosi, joto kali la nyuzi arobaini na moja, kuanzia saa nane mchana, dhoruba na mvua kubwa.

Akapanda ngazi mbio.

"Shikamoo, bosi. Mvua yangu imeenda wapi?"

"Marahaba. Jumatatu. Kesho tunazindua kipimamvua kipya, na mgeni rasmi anakaa nje. Unataka kinyeshewe?"

"Bosi, si ni kipimamvua?"

"Kipya," Mkurugenzi akamsahihisha. Joto nalo alikuwa ameliwekea ukomo: nyuzi ishirini na tisa, kwa sababu wageni watavaa suti.

"Na radi?"

"Radi ipige, sijaikataza. Ila isipige wakati wa hotuba." Akachukua barua ya kumthibitisha binti kazini, ambayo ilikuwa imebakiza saini tu, akaikunja na kuitia mfuko wa koti. "Kesho likidondoka hata tone moja, wewe ndiye utakayeeleza. Na hii naichana."

Mchana ukatoka waraka. Kubeba mwavuli siku ambayo mvua haijaidhinishwa ni kuitilia shaka mamlaka. Miavuli yote ikabidhiwe stoo. Atakayetaka wake ajaze fomu, aandike na sababu.

Mtunza stoo alikuwa shangazi yake mtabiri, mama wa miwani puani, ambaye hajawahi kutoa hata kalamu bila fomu.

"Shangazi, nimekwisha."

"Hujaisha. Lete mwavuli. Rangi gani huu?"

"Shangazi, mimi si damu yako?"

"Damu haina fomu, mwanangu. Nimekuuliza rangi."

Basi bwana, Jumamosi ikafika na nyuzi zake arobaini na moja. Wageni waliiva ndani ya suti. Mshereheshaji akatangaza kuwa ni ishirini na tisa, wakapiga makofi ya jasho. Keki iliyopambwa kama kipimamvua ikajikalia chini yenyewe.

Saa nane kamili, wingu jeusi tii likasimama juu ya jukwaa. Mkurugenzi alikuwa amefika kwenye maneno "idara yetu haijawahi" radi ilipomkata kauli. Pwaaa! Mvua ikamwagika kama ndoo imepigwa teke.

"Hainyeshi!" akapiga kelele kwenye maikrofoni. "Someni kifaa!"

Kifaa, kikiwa bado kimefunikwa turubai lake la uzinduzi, kilisoma sifuri. Wageni, kwa utiifu, wakabaki wamekaa. Halafu hema la wageni likang'oka, likaondoka zake bila kuaga.

Mkurugenzi akatimka hadi dirisha la stoo. "Mwavuli! Haraka, mama!"

"Fomu," shangazi akasema.

"Mgeni rasmi analowa!"

"Pole yake. Sababu uijaze mwenyewe, mheshimiwa. Waraka wako huo."

Akaandika "unyevu wa ghafla." Ikarudishwa. Akaandika "manyunyu."

"Manyunyu gani yanabeba hema? Andika tena."

Mwishowe akasaga meno na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: dhoruba na mvua kubwa, Jumamosi, saa nane mchana. Akatia saini. Shangazi akagonga muhuri, akachana nakala, akampa mtabiri aliyekuwa amejibanza mlangoni, maji yakimchuruzika hadi viatuni.

Binti akaisoma. Ulikuwa utabiri wake uleule, tena sasa una muhuri!

"Bosi," akasema kwa adabu zote, "nakala hii niiweke kwenye faili, au nimpelekee mgeni rasmi akajisomee?"

Mkurugenzi akamtazama. Akatazama nje, ambako mgeni rasmi alikuwa amejifunika kichwa kwa sinia la keki. Akaichomoa barua mfukoni, imelowa chapachapa, akaisaini juu ya kaunta. Binti akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Haya, sasa mwavuli!"

Shangazi akasogeza miwani, akaisoma fomu mstari kwa mstari. "Imekubaliwa, mheshimiwa. Hongera. Ombi lako litashughulikiwa siku ya kazi inayofuata."

"Yaani lini?"

"Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi." Akaanza kufunga dirisha. "Utaiwahi mvua yako."