Wimbo Mmoja kwa Wazee na Watoto

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimetukanwa! Mimi, Verlyn Tollefsrud, mwalimu wa kwaya ya wazee tangu kinanda cha kanisa kilipokuwa cha kukanyaga kwa miguu! Mchungaji Ybarra, mama aliyetujia juzijuzi kutoka Texas, katangaza kwamba Jumapili ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa kwaya ya wazee na kwaya ya watoto zitaimba pamoja. Wimbo mmoja, sauti moja, hakuna besi wala teno. Baada ya hapo kanisa litabaki na mwalimu mmoja wa kwaya zote. Mmoja! Mwingine akakae benchini na waumini kama mgeni.

Huyo mwingine hatakuwa mimi. Atakuwa Marit Engebretson, mwalimu wa watoto, anayefundisha muziki kwa kurukaruka.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeshinda kwenye kabati la nota. Vumbi, chafya, matusi ya chinichini. Nyimbo za sauti moja zimejaa tele, ila huu uko juu mno kwa wazee, ule uko chini mno kwa watoto. Mtu mwema angetafuta wa katikati. Mimi nimetafuta wa chini kabisa! Unatambaa sakafuni tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee wangu wataunguruma humo kwa raha zao. Watoto wa Marit sauti zao zinakaa juu, hawafiki huko hata kwa ngazi. Watasikika kama nyuki ndani ya kopo.

Nimecheka peke yangu. Doreen, mke wangu, kaniuliza nacheka nini. Nimemjibu Mungu ni mwema.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kamati ya muziki. Wanafiki watupu! Nimeupiga wimbo wangu kwenye piano kwa hisia zote. Mwenyekiti akakohoa, akasema ni wimbo wa tofauti.

Wa tofauti! Hapa Minnesota hakuna tusi linalopita hilo. Ukimpikia mtu akasema chakula chako ni cha tofauti, mpe mbwa. Mjumbe mwingine akasema unavutia, kisha akanisogezea sahani ya biskuti, kama mfiwa. Wakachukua wimbo wa Marit. Wa katikati, mwepesi, mtoto wa chekechea anauweza na bibi yake anauweza. Hata mimi nimeupenda, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Marit akanigusa bega. "Pole, Verlyn. Wako nao ulikuwa na nia njema."

Nia njema! Damu imenichemka hadi masikioni. Nimekula biskuti zote.

Jumatatu, 21 Oktoba

Dawa imepatikana. Wimbo wao ni wa katikati? Basi tuuondoe katikati! Nimemfuata Gerhard, mpiga kinanda wetu. Nimemwambia Jumapili aupandishe juu nota tatu, ila Marit asijue, eti tunataka kumfurahisha kwa ghafla. Gerhard ni mtu wa kuamini kila anachoambiwa. Kauliza tu, je, wazee? Nikamwambia wazee wangu ni chuma.

Watoto watalia kama paka waliofungiwa nje. Marit ataaibika mbele ya kanisa zima. Nami nitasimama pembeni nikitikisa kichwa kwa masikitiko. Nimefanya mazoezi ya masikitiko mbele ya kioo. Doreen kapita, kaniona, kasema, "We mzee, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Wanawake hawa huungana.

Jumapili, 27 Oktoba

Nataka kuvunja kitu!

Kanisa limefurika, kila mtu kavaa nyekundu ya sikukuu. Gerhard akapandisha wimbo. Na watoto? Wakapanda nao, kama waliosubiri siku hiyo tangu kuzaliwa. Mimi, mimi niliyetafuta wimbo wa chini kwa sababu sauti za watoto zinakaa juu, ndiye niliyewapelekea wimbo juu! Hasira hasara. Wazee wangu ubeti wa kwanza walikakamaa shingo. Ubeti wa pili walifungua midomo, hakikutoka kitu. Arvid, mwimbaji wangu wa besi, aliketi kabisa. Watoto wakabaki peke yao, sauti moja safi, na watu wakalia. Watu wa hapa, ambao hata mazikoni husafisha miwani tu!

Kisha kahawa ukumbini. Gerhard, asiyejua kunyamaza, akamwambia Mchungaji kwamba aliyeagiza wimbo upandishwe ni mimi. Nikajua nimekwisha. Mchungaji akanishika mikono yote miwili.

"Umeinyamazisha kwaya yako mwenyewe ili watoto wasikike! Unyenyekevu wa namna hii sijauona. Ndugu yangu Verlyn, zichukue kwaya zote."

Ushindi! Marit kawa mweupe kama maziwa. Nami nikajibu nilivyolelewa: "Aa, hapana, Mchungaji, mimi nani hata nistahili?"

Kwetu mtu akikupa kitu, hata kipande cha keki, unakataa. Anakupa tena, unakataa tena. Mara ya tatu unapokea huku unanung'unika. Hata watoto wanajua. Texas hawajui! Mchungaji akasema anauheshimu uamuzi wangu. Akamgeukia Marit, akamwuliza yeye.

Marit, mzaliwa wa hapa hapa, binti wa watu wenye adabu zao, akasema, "Ndiyo, asante."

Mara ya kwanza! Ukumbi mzima ukaguna. Mwizi wa mchana kweupe! Hana haya wala hajui vibaya! Nimebaki na kikombe mkononi, kahawa imepoa, sina kwaya.

Jumatatu, 28 Oktoba

Marit kapiga simu asubuhi. Kasema kwaya zitaimba pamoja tena Krismasi, na hakuna anayelijua kabati la nota kama mimi. Je, nitamchagulia wimbo?

Moyo uliruka. Hapo hapo nikaona jinsi ya kummaliza, tena mbele ya mti wa Krismasi. Nikamwambia hapana, hapana kabisa, asijisumbue na mzee kama mimi, amtafute mwenye akili zaidi. Akasema haya, siku njema. Akakata.

Doreen alikuwa mlangoni, kajishika kichwa kwa mikono miwili. Haelewi mambo haya. Nimevuta kiti hadi karibu na simu, nimekaa. Kaomba mara moja, bado mbili.