Kuhusu Mke Wangu Kuacha Programu Kumi na Moja Wazi

Mkiwa, Singida

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, umri miaka themanini na mitatu. Moyo wangu umechoka, na daktari amenishauri kwa adabu nisianze jambo refu. Naomba gazeti lako litamke, nikiwa bado hai, kwamba programu za simu zikishatumiwa zifungwe. Mlalamikiwa ni mke wangu, Elina.

1. Jumapili nilihesabu kwenye simu yake programu kumi na moja zikiendelea kimyakimya. Katika nyumba hii mtu hatoki chumbani akaacha taa inawaka. Mimi zangu nazifagia kwa kidole gumba kila nimalizapo, nikizihitaji nazifungua upya, hata mara arobaini kwa siku. Huo ndio utaratibu.

2. Nilipomweleza, alikuwa anafukia makaa jivuni baada ya kupika. Akanijibu bila kugeuka, "Baba Dorika, kaa lililolala jivuni halili kuni. Kuni zinaliwa na anayezima na kuwasha." Nimefundisha miaka thelathini na minane, sijawahi kupingwa kwa mafiga.

3. Manase, fundi simu wa njia panda, aliitwa kusuluhisha. Alisema mama yuko sahihi, simu inajua yenyewe kuzilaza. Huyu nilimfundisha mimi, na alimaliza shule hajui saba mara nane. Ushahidi wake ufutwe.

4. Kwa kuwa sheria haikuwepo, nimeitekeleza mwenyewe. Hapa naungama, maana huko niendako sitaki liwe swali la kwanza. Kwa miaka miwili, Elina akienda kulisha kuku, nimekuwa nikichukua simu yake na kuzifagia zote. Moja kati ya hizo ndiyo anayosikilizia kwaya ya marehemu binti yetu Dorika. Huusimamisha wimbo pale Dorika anapoanza kuimba peke yake, ili akirudi aendelee naye. Alikuwa akirudi anakuta kimya. Hakunishuku. Mwezi uliopita alisema simu imezeeka, na Dorika naye ameanza kuchoka. Tangu siku hiyo hasikilizi tena.

Hata hivyo kanuni ni kanuni. Uamuzi uchapwe kwa herufi kubwa, nami nizikwe nao. Na kabla jeneza langu halijafungwa, simu yangu ikaguliwe.

Wasalimie wachapaji, wasahihishaji, na dereva wa basi anayetuletea gazeti la juzi.

Ni mimi ninayesubiri kwa heshima, na kwa haraka kidogo,

Mwl. Mughwai

N.B. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu imeisha chaji tangu saa tano asubuhi, kama kila siku. Ya Elina ina asilimia sabini na moja. Leo alipokwenda kwa kuku niliichukua tena, nikamtafuta Dorika, nikamsimamisha pale pake, nikairudisha ikiwa wazi. Sasa anaimba huko uani, na mama yake anapiga alizeti kwa fimbo kutoa mbegu, akimfuatisha. Uamuzi hauhitajiki tena. Barua hii nampelekea Elina aisome kwanza. Ikikufikia, ujue amenisamehe.