Kozi ya Kusikilizana kwa Fakulte Zote

Bakubwa wa protokole, bakubwa wa bakubwa hao, bapasta mulio mbele, bapasta mulionyimwa viti vya mbele, bamama wa soko, bapapa wa Kambove mulioacha mashimo yenu ya madini kwa heshima yangu, banafunzi, na minye mwenyewe, Direktere Athanase, Mratibu Mukubwa wa Mazungumzo Kati ya Mila mu Likasi yote: jambo! (Makofi. Muke wake ndiye anaanza.)

Proje yetu ya Kozi ya Kusikilizana, kwa njia ya kimkakati, shirikishi na ya kimoduli, imefikia asilimia mia moja na kumi na mbili, maana hatukutaka kuishia mia moja kama bavivu, na itaweka inginia, munganga wa hospitali na muntu wa kilimo mu darasa moja, wajifunze kusema na muntu asiye wa kwao bila kumukwaza. (Sauti: "Sema, papa!")

Mufano uko hapa. Sephora, mwanafunzi wa uuguzi, simama, mwanangu. (Anasimama, mutoto mugongoni.) Huyu, mu staji, mazoezi yake ya kazi ku hospitali, alitaka kudunga mama mumoja sindano ya matako, akamupa kijana mumoja ashikilie chupa ya serumu, ile dawa ya maji iliyokuwa ikiingia mu mukono wa mama kwa mupira. Kumbe ni mukwe wa yule mama! Mukwe aone matako ya mama mukwe? Mu mila ni mwiko! Alifunga macho, akakimbia na chupa, mupira ukamufuata, mama akafuata mupira, mpaka barabarani! (Kicheko kikubwa.)

(Sephora: "Papa Direktere, walinifukuza staji mpaka nilete pointi za kozi yako. Itaanza lini? Niko na mutoto, nataka kumaliza masomo.")

Swali la kisayansi kabisa! Kozi imekwisha kuanza kuanza. (Sauti: "Wapi?") Mu maono yangu!

(Mama Mado, mukubwa wa bauguzi wa hospitali ile, anasimama: "Sephora, twende. Minye pia nilingojea hii kozi, kumbe ni mudomo tu. Kesho rudia staji. Mambo ya bakwe nitakufundisha minye." Sephora anapiga vigelegele, mutoto anaamka akilia, wanatoka.)

Munaona? Ushirikiano! Mila zote, hoye! Fakulte zote, hoye! Direktere, hoye! (Muke wake peke yake: "Hoye!")

Ninamaliza kwa kushukuru profesa, siku tutakapomupata. Darasa, siku litakapojengwa. Na proje yenyewe, siku nitakapoiandika. Na makofi yenu, bandugu, yataingia mu rapoti kama muhula wa kwanza.