Binti Yenu na Sukari Zake Nne

Kwa mkwe wangu mpendwa, Mama Lineo,
Mafeteng.

YAH: KUMRUDISHA BINTI YENU KWA MUDA ILI ASAHAU

Salamu kutoka Leribe. Baridi imeshuka kutoka milimani, lakini tu wazima wa mwili. Wa moyo, nitaeleza.

Barua hii anaileta mwenyewe binti yenu Lineo, ambaye alipoolewa kwetu tulimpa jina la Mapaseka. Adabu anayo, sikatai. Hata jogoo anamkuta ameshawasha jiko. Tatizo letu, mkwe, ni sukari.

1. Nyumba hii ilikuwa na sukari moja, nyeupe, ndani ya kopo moja. Ilitosha chai, uji, skonzi, na mtoto aliyeanguka akalia. Binti yenu alipoingia jikoni akaleta nne zake, kila moja na chupa yake, kama wake wa chifu. Ile ya unga, anayosema ni ya kupambia keki, mume wangu Ntate Tlali aliidhania unga wa ngano akaukolezea mchuzi wa kondoo. Tuliula. Kulikuwa na wageni.

2. Nikiwa namimina sukari yangu kwenye siagi, binti yenu alinishika mkono kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. "Mama, hiyo chembe zake kubwa, haitayeyuka. Tutie hii laini, tuichape na siagi mpaka iwe nyeupe, keki itoke nyepesi." Nani kasema keki iwe nyepesi? Keki zangu watu walizijua kwa mlio. Mchungaji alivunjika jino humo, na bado alinishukuru.

3. Biskuti anazitia sukari ya kahawia, yenye unyevu, eti zikae laini. Zinakaa, kweli. Lakini biskuti ya msiba ina kazi yake, mkwe! Zamani siku ya tatu ilikuwa imeshakauka kama tofali, na wageni wakaelewa kuwa marehemu ameshazikwa, waende kwao. Tulipomzika shemeji yangu mwezi uliopita, biskuti zilikaa laini wiki nzima, na waombolezaji wakakaa nazo. Mmoja bado yupo. Hatujui ni ndugu wa nani.

4. Sukari ya nne, yenye chembe nene, haiingii hata kwenye unga. Anainyunyiza juu ya skonzi kabla ya kuoka, zing'ae na zilie kidogo mdomoni. Yaani mlio wangu ni kosa, wake ni pambo.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ntate Tlali, ambaye tangu tuoane amechovya skonzi zangu kwenye chai bila kusema neno, Jumapili alisema neno. Alikula moja ya Mapaseka, kavu, akatikisa kichwa: "Kumbe hazihitaji chai!" Iliniuma, mkwe. Nilitoka nje nikasimama na mbuzi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mkae naye miezi mitatu. Msimwache aguse oveni. Mumpe sukari nyeupe tu, mpaka atakapoulizwa "sukari gani?" ashangae swali. Hapo ndipo tutampokea kwa shangwe na blanketi jipya.

Nisalimie mumeo Ntate Lineo, shangazi wote, na ng'ombe wetu wa mahari walioko kwenu.

Wako katika majonzi,
Mama Matsepo Tlali

N.B. Nilipokuwa nabandika bahasha wamekuja akina mama wa maombi ya Alhamisi. Askofu anakuja wiki ijayo, nao wamenichagua mimi nimwokee, kwa sababu ya zile biskuti za msibani. Pale msibani walipouliza nani kazioka, Mapaseka alikuwa jikoni akiosha vyombo, na mimi nilikuwa karibu na sifa, nikazipokea. Alisikia. Akaniletea chai.

Miezi mitatu nimeifuta. Mizigo ameshafunga, basi aje tu; akishasalimia, mpakieni gari la kesho yake asubuhi. Mkwe, nakuomba, usimwonyeshe barua hii.